Furushi la Mwisho wa Mwezi

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa na shangazi mmoja tu, yule aliyemlea, na figo za shangazi huyo zilikuwa zimechoka. Shangazi alikuwa akija hapo kusafishwa damu, lakini kila mfumo wa kompyuta ulipoganda faili lake halikufunguka, na bila faili wauguzi hawakuthubutu kumuunganisha na mashine. Walimrudisha nyumbani na miguu yake iliyovimba.

Dawa ya kuganda huko Fundi aliijua: kubadilisha mstari mmoja tu wa programu. Lakini hakuna aliyegusa mfumo bila kamati, na kamati ilikuwa na desturi yake. Mabadiliko ya idara zote yalifungwa pamoja, yakaingizwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi. Waliliita furushi. Aliyewahi kupenyeza la kwake kimya kimya alionyeshwa mlango.

Basi Fundi akasoma tafiti, akasimama mbele ya kamati.

"Wanaobadilisha kidogo kidogo, mara kwa mara, mifumo yao huanguka mara chache. Na ikianguka, wanajua kilichoiangusha. Naomba badiliko langu liingie peke yake."

Mwenyekiti, ambaye msemo wake ulimpatia jina la Haina-Baraka, alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Binti yangu, umetufungua macho! Mabadiliko madogo! Sasa lako si dogo? Halina uzito. Tutalichomeka humo humo kwenye furushi."

Wajumbe wakacheka kwa furaha. Fundi naye akacheka, akajichukia kwa kicheko hicho.

Furushi likaingia, na safari hii mfumo haukuganda, ulizimika kabisa. Wahasibu wakasema ni maabara, maabara wakasema ni stoo ya dawa. Mabadiliko yote yameingia pamoja, utamshika nani? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kamati ikaamuru kila kitu kitolewe.

"Mwenyekiti, mstari wangu hauna kosa. Niachieni huo mmoja tu, nawaomba."

"Haraka haraka haina baraka, binti yangu. Furushi lijalo tutalikagua vizuri zaidi. Tena tutalifanya la miezi mitatu, tupate nafasi."

Angebisha vipi? Amri ilishatolewa, na mstari wake aliufuta kwa vidole vyake mwenyewe. Mfumo ukarudi ulivyokuwa. Kabla hajafika wodi ya figo, ukaganda.

Shangazi alikuwa kwenye benchi, amevua viatu visivyomtosha tena. Mwanamume wa pembeni yake alinyanyuka kwa hasira, anataka kwenda zake. Shangazi akamshika mkono.

"Kaa, baba. Fundi wao ni mtoto wangu, nimemlea mwenyewe. Akijua niko hapa, atatengeneza sasa hivi."

Fundi alitamani kurudi alikotoka, lakini shangazi alikuwa ameshamwona.

"Si huyo anakuja!" akasema, na benchi zima likageuka kumtazama.