Uwanja Uliofyekwa

Tangu asubuhi Waceke alikuwa akilalamika na Nzula alikuwa akimezea. Kule msituni Ngong, ukungu ukiwa bado umeshika miti, Nzula aliwaonyesha wageni wake yule ndege wa kijani ambaye ukimwona ametua huna habari naye, lakini akifungua mabawa unakuta ni mekundu ndani. Watu wote wa kikundi kutoka Nkoroi walishika vifua. Waceke, mwenyekiti wao, akasema viatu vyake vimelowa. Haya. Kidogo akasema kuna baridi. Kidogo tena akauliza chai iko wapi, utadhani ndege wa kijani ndiye aliyetakiwa kuipika. Nzula akatabasamu tu. Kazi ya kutembeza wageni inakufunza kutabasamu hadi mashavu yaume. Na kusema kweli, moyo wake haukuwa kule mlimani. Ulikuwa umeshatangulia Isinya.

Isinya palikuwa na shamba aliloachiwa na baba yake, yeye na kaka yake Kaloki. Halikuwahi kutoa mahindi ya maana. Lakini mvua ikinyesha vizuri, nyasi zake husimama hadi kiunoni, na ndani ya nyasi hizo huja ndege weusi wenye mikia mirefu kutafuta wake. Kila dume hukanyagakanyaga nyasi akajitengenezea kiduara, akaacha kishungi kimoja katikati, kisha huanza kuruka. Juu, chini, juu, chini, mkia umepinda hadi kisogoni, na majike wametulia nyasini wakichagua bila haraka. Ukiwaona mara ya kwanza utacheka hadi utokwe na machozi.

Zamani waliruka tambarare yote ile. Siku hizi kila upande ni ploti, seng'enge, mabanda ya kuku na mahema ya plastiki ya kukuzia maua. Uwanja wa ngoma ambao Nzula aliujua ulikuwa umebaki huo mmoja. Mwaka uliopita Kaloki alitaka kuuza. Nzula alimbembeleza, akamnunia, akambembeleza tena: acha nyasi zisimame, mimi nitaleta watu waje kuona. Kaloki akakubali, na tangu siku hiyo Nzula alijua kwamba wageni wakiacha kuja, au ndege wakiacha kuja, hatakuwa na neno la kumwambia tena.

Walifika jua likianza kulegea, saa ile ndege huanza ngoma ya jioni. Nzula akashuka wa kwanza, akafungua lango, akasimama. Alidhani amekosea shamba.

Nyasi hazikuwepo. Ardhi yote ilikuwa imefyekwa ikabaki visiki vifupi vinavyochoma nyayo, na nyasi zenyewe zilikuwa zimerundikwa kando ya ua. Katikati palisimama hema jeupe. Chini yake viti vya plastiki, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha zambarau mgongoni kana kwamba kuna harusi, na spika ikipiga nyimbo za kanisa. Kaloki akaja mbio, shati limepigwa pasi, mikono ameinyoosha.

"Karibuni! Karibuni sana wageni! Mjisikie nyumbani!"

"Kaloki," Nzula akasema. "Kaloki, umefanya nini?"

"Si nimewatengenezea? Nimefyeka mpaka mgongo unaniuma. Saa hii mtu anaweza kutembea hapa na viatu vya Jumapili."

"Umekata nyasi yote?"

"Yote! Hata huko kwa kona."

"Na ndege watacheza wapi, Kaloki? Kwa hema?"

Kaloki akacheka kidogo, akifikiri ni mzaha. "Lakini Nzula, ndege si ako na mabawa? Nyasi iko chini, yeye ako juu. Sasa mtamwona bila kitu kuzuia."

Jamani! Nzula alihisi damu inampanda kichwani. Mtu amezaliwa hapa, amechunga mbuzi hapa, amewacheka ndege hao hao tangu akiwa na kaptula, leo anasema wako juu! Akamfokea mbele ya wageni, akamwita mjinga, akamwita kichwa maji, akasema maneno ambayo mama yao angekuwa hai angemziba mdomo kwa kofi. Kaloki alisimama tu na shati lake la pasi, na lile tabasamu likamtoka pole pole.

"Sasa mbona unanigombeza?" akasema. "Si ni wewe ulituma madam anipigie simu?"

"Madam gani?"

Kaloki akanyoosha kidole. Waceke alikuwa ameshakaa mstari wa mbele na soda mkononi.

"Aii, mimi nilimwomba tu asafishe kidogo," Waceke akasema. "Mwaka jana nilitoka hapa na kupe kwa mguu. Na nyoka je? Niko na wazee kwa hii group, Nzula. Wewe mwenyewe ulinipa namba yake."

"Nilikupa uulizie njia!"

"Basi si nimeuliza njia na nimeomba na usafi? Kwani kuna ubaya gani watu wakikaa mahali pazuri?"

Jibu alilokuwa nalo Nzula lilikuwa la kufukuzwa kazi. Akaenda kwenye rundo la nyasi, akapiga magoti, akaanza kupekua. Hakukawia. Akarudi amebeba kiota cha nyasi kilichofumwa vizuri, kimebonyea upande mmoja, akakiweka mezani mbele ya Waceke. Ndani mlikuwa na mayai yaliyopasuka na moja zima, limepoa kabisa.

Waceke akalitazama. "Woi, pole," akasema. "Lakini si watajenga ingine? Ni ndege tu."

Ni ndege tu! Na kilichokuleta huku na darubini shingoni ni nini, mama? Nzula alikuwa amefungua kinywa kulisema hilo, lakini mtu wa nyuma akapiga kelele: "Yule! Yule pale!"

Dume mmoja alikuwa ametua kati ya visiki. Mweusi tititi, mkia mrefu ukiburuta kwenye vumbi. Akatembeatembea akizunguka mahali fulani, akizunguka tu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake. Kisha akapinda mkia, akaruka. Juu, chini. Juu, chini. Simu zikainuliwa zote. Waceke akasimama akipiga makofi.

"Si mnaona! Na tunamwona vizuri kuliko mwaka jana! Nzula, sasa hasira ilikuwa ya nini?"

"Anaruka kwa ajili ya nani?" Nzula akauliza.

Waceke akaendelea kupiga picha. Lakini Kaloki alisikia. Akamtazama yule dume, akatazama kulia, akatazama kushoto, hadi kwenye seng'enge, akitafuta. Hapo ndipo Nzula alipomwona kaka yake akielewa, na hasira yote aliyokuwa nayo juu yake ikaisha. Iliyobaki ilikuwa ya mwingine.

"Majike wako wapi?" Kaloki akauliza kwa sauti ndogo.

"Walikuwa kwa nyasi."

Kaloki akaenda akazima spika. Akatoka pale akaenda mstari wa mbele, akasimama nyuma ya Waceke, akaanza kufungua kile kitambaa cha zambarau.

"Madam," akasema, "nipe kiti changu."

"Nini? Lakini hatujamaliza! Bado anaruka!"

"Ndiyo, bado anaruka," Kaloki akasema, akakunja kitambaa, akanyoosha mkono kusubiri kiti.