Wifi Yangu Hawezi Kunyamaza

Msimamizi wetu wa karakana aliniita ofisini Jumatatu, akafunga mlango, akasema tufanye jaribio kabla ya usaili wa mafunzo ya lifti mpya. Yeye angejifanya mkufunzi wa ng'ambo atakayenisaili, mimi nibaki mimi. Nikaona ni jambo dogo. Nilikuwa nimesoma Kiingereza kwa wifi yangu, mke wa kaka, tangu mwanzo wa mwaka, na darasani kwake nilikuwa sishikiki. Swali likitoka tu, jibu liko hewani.

Akaniuliza kwa Kiingereza nieleze kazi yangu. Kazi yangu naijua. Mimi ni fundi wa lifti; nabadilisha kamba za chuma, nasafisha reli, natoa watu waliokwama kati ya ghorofa. Maneno yote ya Kiingereza ya vitu hivyo ninayo. Nikamtazama msimamizi mdomoni, nikangoja. Naye akanitazama, akangoja. Mwishowe akakohoa, akauliza kama naumwa.

Nilitoka pale nikashika njia ya kwa wifi. Lifti za zamani katika majengo yote tunayohudumia zinang'olewa, zinaletwa mpya zinazoendeshwa kwa kompyuta, na mafunzo yake yote ni kwa Kiingereza. Atakayepita usaili ataenda kusoma. Asiyepita, msimamizi alishatuambia bila kumung'unya maneno, atafute kazi nyingine siku lifti ya mwisho ya zamani itakapoondolewa. Nina mama wa kumtunza na watoto wanaonitegemea, na kazi nyingine siijui. Usaili ulikuwa Ijumaa.

Njia nzima nilijiuliza pale ofisini nilikuwa nangoja nini hasa. Nilipofika mlangoni kwa wifi nilikuwa nimeshajua, na hasira imenipanda.

Ngoja nieleze anavyofundisha. Darasa lake lina sifa mji mzima. Watu wazima wanajazana kwenye kile chumba juu ya duka la vitambaa, wengine wanakalia ngazi. Akiuliza kitu, haachi mtu akae kimya. Anatamka mwanzo wa jibu, anainua nyusi, ananyoosha mkono, nasi tunamalizia kwa pamoja. Ingekuwa Kiswahili ungesikia hivi: "Jana nilikwenda so...?" Na sisi wote: "Sokoni!" "Nikanunua ma...?" "Matunda!" Raha tupu. Unatoka pale kifua mbele, unajiona unamwaga Kiingereza kama mtu aliyezaliwa nacho. Kumbe nusu ya kila neno ilikuwa yake.

Nilimkuta sebuleni anapiga pasi. Nikamweleza yaliyonikuta, nikamwambia amenitafunia kila kitu na sasa meno yangu hayajui kazi. Ni maneno makali hayo, lakini sisi ni mawifi, tumezoea kurushiana. Yeye ndiye aliyewahi kumwambia kaka mbele yangu kwamba nyundo yangu ina adabu kuliko mimi. Nilitegemea naye anirushie lake. Badala yake akakaa kitako, pasi akaiacha juu ya shati la kaka mpaka nikaiondoa mimi.

"Darasani kwangu hakuna mtu anayeaibika," alisema.

Nikamjibu kwamba nimeaibika ofisini. Ndipo akaniambia jambo ambalo kaka hajawahi kunitajia. Alipokuwa msichana, mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa akimsimamisha mbele, anamuuliza swali, halafu ananyamaza. Akishindwa, fimbo, na darasa zima linacheka. Kimya kile anakisikia mpaka leo. Mtu akikwama mbele yake, neno limeshamtoka kabla hajajua kama amelitoa.

Nikamhurumia, kweli kabisa. Lakini Ijumaa haikuwa na huruma na mtu.

"Wifi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," nilimwambia. "Niulize, halafu unyamaze."

Tukajaribu kila siku nilipotoka kazini. Aliuliza, akabana midomo. Midomo ikacheza yenyewe. Akajifunika mdomo kwa mtandio. Nyusi zikanipa jibu. Nikamwomba afumbe macho. Akaanza kuyapiga maneno kwa vidole mapajani, nami nikavisoma vile vidole bila shida. Kaka alipita akauliza huo ni ugonjwa gani. Tulicheka mpaka machozi, lakini nikirudi kwangu nilihesabu siku zilizobaki. Alhamisi nilikaa kimya mbele yake muda mrefu, sentensi yangu mwenyewe inakuja, naiona kabisa inakuja, na yeye akaniwahi. Nikasimama. Alikuwa ameahidi kunisindikiza kesho yake, nikamwambia asikanyage kule. Akasema sawa, basi. Ningefurahi kama angenitukana.

Ijumaa alikuja. Chumba chetu cha mikutano kina ukuta wa kioo. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya skrini ya kuongea na mkufunzi aliye ng'ambo, msimamizi kando yangu, kipaza sauti kimewashwa, nikamwona wifi anaingia ukumbini upande wa pili na kukaa kwenye benchi linalonitazama. Nilitaka kumfukuza kwa jicho, lakini mkufunzi alikuwa ameshaanza kunisalimu.

Mwanzo ulikwenda. Jina, mafunzo niliyopata, majengo ninayohudumia. Hayo ni ya kukariri. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyenitayarishia: ni siku gani niliogopa kazini, na nilifanya nini.

Nikakwama. Uso wake ulitulia kwenye skrini, mdomo umefungwa. Moyo ulinidunda mpaka nikahisi kipaza sauti kinausikia. Msimamizi akaanza kuchezea kalamu. Macho yangu yakamtoroka mkufunzi, yakaenda kwenye kioo.

Wifi alikuwa ameshasimama. Kule hasikii kitu, lakini mtu aliyekwama anamjua kwa sura. Mkono ulikuwa umeinuka, nyusi zimepanda, mdomo umefunguka tayari kunipa mwanzo wa jibu, na hata swali lenyewe hakulijua. Tukatazamana. Kisha nikamwona anaukamata ule mkono kwa mkono wa pili, anaushusha kwa nguvu, anageuka. Akanipa mgongo, paji la uso limegusa ukuta wa nyuma ya benchi.

Sikuwa na mdomo wa mtu wa kuutazama tena. Niliogopa, na hapo hapo nikajua kwamba huo ndio mwanzo wa jibu, kwa hiyo nikasema hivyo: naogopa sasa hivi, lakini siku moja niliogopa zaidi.

Kiingereza kilichonitoka ni kile cha kuombea maji. Umeme umekatika, mwanamke mjamzito yuko ndani ya lifti, analia. Mimi niko chumba cha mashine, nazungusha gurudumu kwa mkono ili nimshushe, na sauti yake inanijia kwa simu ya ndani. Neno la breki lilinikimbia, nikaonyesha kwa mikono. Nilirudi nyuma, nikajisahihisha, nikasimama, nikajingoja mwenyewe. Yule mwanamke aliniuliza kama atakufa, nilimwambia mkufunzi, na mimi sikujua nimjibu nini, basi nikawa namtajia kila ghorofa anayoipita. Mkufunzi hakuniharakisha. Akauliza kuhusu gurudumu, nikajibu. Akauliza jingine, nikajibu. Mwishowe akamwambia msimamizi, nami nikaelewa kila neno, kwamba huyu aende kusoma.

Nilitoka mbio hadi ukumbini. Wifi alikuwa bado ameelekea ukutani, na nilipomgusa bega aliruka.

"Nimepita," nilimwambia.

Akanikumbatia, akalia, wanja wake wote ukabaki begani kwangu. Kisha akaacha ghafla, akajitoa mikononi mwangu, na uso wake ukabadilika.

"Na wale wengine?" alisema. "Wote nimewafundisha hivyo hivyo. Kuna wenye usaili mwezi ujao."

Nikamsindikiza darasani. Chumba kilikuwa kimejaa. Aliwasalimu, akawauliza leo asubuhi walifanya nini, kisha akafumba mdomo na kuificha mikono nyuma. Watu wakangoja. Wakatazamana. Mmoja akacheka kicheko cha woga, akanyamaza. Mbele yangu dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amefungua mdomo bila kutoa kitu, jasho limemjaa usoni. Akageuka kunitafuta mimi, maana tumezoea kukaa pamoja. Neno alilolitaka nililijua. Lilikuwa limeshanifika kwenye ncha ya ulimi. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.