Kisanduku cha Kelele

…na kama ni kelele basi ni kelele, neno limekaa miaka yote hii halijamuudhi mtu, kwa nini leo, aliwaza mwenyekiti, kalamu yake ikichora duara juu ya duara pembeni mwa karatasi, huku mwandika programu akieleza, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa, kwamba kiwango si nguo ya kubadilisha kila asubuhi, kuna watu mbali huko wamejenga kazi zao zote juu yake, naye akatikisa kichwa kukubali, maneno hayo aliyafundisha yeye, kiwango alikiandika yeye tangu toleo la kwanza, ndicho kinachowaelekeza watafiti wote wa vyura waieleze vipi kila sauti waliyoirekodi, wapi, lini, chura gani, maji ya namna gani, ili mtu asiyewahi kulikanyaga bwawa lile aielewe, na mwisho kabisa kisanduku kimoja cha kujaza, kelele, yaani sauti yoyote isiyo ya chura, sentensi fupi, safi, aliipenda kama mtu anavyopenda mlango unaofunga sawasawa… "Samahani mama," mtafiti wa mvua alikuwa akisema, binti mgeni kwenye kamati lakini woga hana, "mvua kwenu ni kelele, kwangu ndiyo kazi yenyewe, na mkishapitisha programu ya kukata kelele zote ili seva ipumue, mtanikatia mvua yangu," kura za kukigawa kisanduku hicho zilikuwa zimelingana, zilibaki zikisubiri ya mwenyekiti, na feni ya dari ilizunguka polepole, polepole, mpaka upepo wake ukawa ule wa bwawani, mawingu yameshuka, yeye na marehemu mume wake wamelala kifudifudi juu ya turubai, kinasa sauti katikati yao, na mume, mtu mzima na ndevu zake, anamnong'oneza, "Unamsikia yule mnene, mke wangu? Anatongoza. Yule mwembamba anamdanganya mwenzake kwamba ana nyumba," akamfinya anyamaze, kicheko kikawatoka puani wote wawili, vyura wakanyamaza, wakaanza tena… rekodi ipo, aliijazia maelezo kwa mkono wake mwenyewe, maji, yametulia, kelele, ipo, basi, ipo, kisanduku hakikuruhusu zaidi, jenereta ni ipo, lori ni ipo, mbwa ni ipo, na mume wangu ni ipo, wote beseni moja, na tangu amzike hajaifungua, alijua tu iko mahali, kama mtu anavyojua chumba cha pili kuna mtu amelala, sasa waje waikate, la, nitapiga kura na huyu binti, nitaipiga kwa mikono miwili… halafu akajishika, pole pole mama, kiwango si kaburi la mume wako, watu wa mabara mangapi wabebeshwe mzigo kwa sababu ya kicheko cha puani, mtu hachangii kikao na kilio chake mfukoni, akavuta pumzi, akamwondoa mume bwawani, akamwondoa na turubai, akabaki na maji na mvua inayokuja kwa mbali, akasikiliza, na hata hivyo, hata bila yeye, binti alikuwa na haki, mvua ilikuwa mvua, haikuwahi kuwa kelele ya mtu, na sentensi ile safi ilikuwa imeandikwa na mwanamke aliyetaka kusikia kitu kimoja tu, maskini, akiwa katikati ya vitu vyote hivyo… kisanduku cha zamani kifungwe kisifutwe, vipya viwekwe ubavuni, mvua, mashine, wanyama, watu, asiyetaka asivijaze… "Mimi sipingi kwa ubishi," mwandika programu alikuwa bado anasema, amevua miwani, anafikicha macho, "nauliza tu, zile rekodi za nyuma zote, mpaka za mwanzo kabisa, nani atakaa chini azisikilize upya?" na kila mtu mezani akakumbuka simu yake, naye hakuwa amenyanyua mkono bado, ila kalamu alikuwa ameilaza, na ndani yake jibu lilikuwa limekwisha kuketi, mimi, mwanangu, nitazisikiliza mimi.