Namba Sitini na Moja Kabla ya Namba Moja

Kila Jumatano asubuhi, mara tu baada ya sala, Seneta Donncha Brosnahan alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasubiri taa nyekundu ya kipaza sauti iwake, kisha akasema maneno yale yale.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza namba sitini na moja ichukuliwe kabla ya namba moja."

Katika Seneti ya Ireland, kazi ya kwanza ya siku ni kubishania kazi za siku. Kiongozi wa Shughuli husoma orodha: namba moja, namba mbili, namba tatu, basi. Lakini seneta yeyote ana ruhusa ya kusimama na kuomba kitu cha mkiani kipandishwe kichwani, na akishaomba hupewa dakika mbili za kukieleza. Kiongozi hukataa kwa upole. Mwenyekiti humuuliza mwombaji kama bado anashikilia ombi lake. Mwombaji husema kwa leo analiondoa. Ni kama mgeni aliyekaribishwa chakula akajibu ameshiba: mwenyeji anajua, mgeni anajua, na sufuria halifunuliwi.

Brosnahan alikuwa amefanya mchezo huo kwa miaka mitatu. Dakika zake mbili zilirushwa na redio ya kwao mchana uleule, na sehemu ya kuliondoa haikurushwa hata siku moja.

Muireann Ní Chonghaile, karani aliyeandaa orodha hiyo kwa mwaka wa tisa sasa, alimchukia kwa ajili hiyo. Alimchukia kimyakimya, kwa sababu karani wa Seneti hana upande; hata akipiga chafya inabidi apige katikati.

Orodha huchapwa kwa lugha mbili, na kila neno la kushoto lazima liwe na mwenzake wa kulia. Maseneta wengi walileta hoja zao kwa Kiingereza, maana Kiairishi chao kiliwatosha kusalimu na kumshukuru Mwenyekiti, kikaishia hapo. Kilichobaki kilikuwa cha Muireann kutafsiri. Ndiyo maana alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyesoma hoja zote mpaka nukta ya mwisho. Wengine wote, wenye hoja wakiwemo, walisoma mstari wa kwanza wakaenda kunywa kahawa.

Na namba sitini na moja aliijua kuliko zote. Ilihusu gati la Inis Leathan, kisiwa alichozaliwa. Dhoruba ilikuwa imezoa ngazi za mawe za gati lile majira matatu ya baridi yaliyopita, na badala yake ikafungwa ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani. Ilikuwa ya muda tu, walisema.

Jumatatu mchana mama yake alimpigia simu.

"Muireann, barua ya hospitali imekuja tena."

"Wanasemaje?"

"Upasuaji wa nyonga tarehe kumi na tisa. Nimeshakosa mara mbili. Nikikosa hii wananirudisha mkiani mwa foleni. Mwaka na nusu wote huo, nianze moja!"

"Basi safari hii utaenda, Mama."

"Kwa mabawa? Nitafikaje kwenye boti? Maji yakipwa vipago vya ngazi ni kumi na saba, yakijaa ni vitano, na nyonga hii haishuki hata kimoja. Juzi vijana wa Máirtín mwenye boti wakataka kuniteremsha ndani ya kreti la samaki. Nikawaambia, jamani, mimi si makareli."

"Na helikopta?"

"Helikopta ni ya wanaokufa. Mimi sifi, naumwa tu." Nóra akashusha pumzi. "Afadhali tunaye yule Brosnahan wenu. Nilimsikia redioni wiki iliyopita, anatutetea mpaka sauti inamkauka. Kumbe huko Dublin kuna watu wenye moyo!"

"Mama, yule akimaliza kusema huwa analiondoa ombi lake."

"Usimwonee wivu mwenzio, mtoto wewe. Yeye angalau anasema."

Muireann aliikata simu. Tarehe ilikuwa pili. Alihesabu siku mpaka kumi na tisa, akahesabu tena kana kwamba zingeongezeka.

Siku iliyofuata, Kiongozi wa Shughuli, Seneta Philomena Cusack, aliingia ofisini kwa makarani bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani na uchokozi unaoning'inia mdomoni.

"Dada Muireann, nitamnyonga mtu kesho. Nakuarifu mapema ili uiweke kwenye orodha."

"Kwa lugha zote mbili, Mheshimiwa?"

"Kwa Kiairishi tu, nisikamatwe haraka. Brosnahan huyu! Kila Jumatano ananilia dakika zangu na ile ngazi yake, halafu redioni naonekana mimi ndiye mchawi ninayemkatalia. Hebu niambie, kanuni inaniruhusu nimfanye nini?"

Kwenye meza ya pili, karani mkuu, bwana Tuohy, aliacha kupiga chapa.

Muireann alikunja mikono mapajani. Ameulizwa swali la kanuni, na kujibu maswali ya kanuni ndiyo kazi anayolipwa. "Unaweza kukataa ombi lake," alisema. "Au kulikubali."

"Kulikubali?"

"Hakuna aliyewahi, kwa namba sitini na moja. Lakini ukilikubali, orodha inapita hivyo, na hapohapo yeye ndiye anayeitwa kutoa hoja. Hawezi tena kuondoa ombi, kwa kuwa limeshakuwa uamuzi wa Seneti."

Cusack alivaa miwani yake taratibu. "Na ana maneno ya kusema zaidi ya dakika mbili, mtu yule?"

"Hilo siwezi kulisemea, Mheshimiwa."

"Ee Mungu nisamehe," alisema Cusack, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeona dirisha la jirani na jiwe siku moja. Aliichukua orodha, akasoma kwa sauti: "'Kwamba Seneti inatambua mchango mkubwa wa jamii za visiwani...' Aa, yaleyale. Kuna chochote humu cha kuniunguza?"

Kudanganya Muireann hakuweza, na hakutaka.

"Ina sentensi nne, Mheshimiwa. Zote zimechapwa hapo. Ningekushauri uzisome."

"Nne!" Cusack aliirudisha karatasi mezani. "Nikisoma zote nne nitalala hapahapa."

Akatoka akipiga mluzi. Tuohy alimtazama Muireann juu ya miwani, kisha akarudi kwenye chapa yake.

Jumatano ilifika. Brosnahan alisimama, akafunga kifungo, taa ikawaka. Alieleza habari za ngazi kwa dakika mbili kamili, akapandisha sauti mwishoni pale redio inapopenda, akakaa.

Cusack akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa miaka mitatu nimemsikiliza mwenzangu kwa moyo mgumu. Leo umelainika. Ninakubali ombi lake."

Brosnahan alikuwa ameshaanza kutabasamu tabasamu lake la kukataliwa. Likagandia usoni.

"Mheshimiwa... mimi... kwa leo niko tayari kuondoa..."

"Kuondoa nini?" Mwenyekiti aliuliza, maana naye alikuwa mzee wa kupenda kichekesho. "Umeomba, umepewa. Orodha imekubaliwa. Namba sitini na moja. Toa hoja yako, Seneta."

Ukumbini wakaanza kugeuka. Yule aliyekuwa anasoma gazeti alilikunja.

Brosnahan alisimama tena. Alitoa hoja, na kwa kuwa alikuwa na hotuba moja tu, aliirudia. Dakika mbili zikaisha na saa ya ukutani ikaendelea kumtazama.

"Pana hewa nzuri sana kule," aliongeza. "Na... kuna kondoo."

"Wangapi?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Umeshafika huko, Donncha?" sauti nyingine ikadakia. "Hata kwa ndoto?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ulinzi wako!"

"Ulinzi unao. Maneno ndiyo yamekuishia," alisema Mwenyekiti. "Je, yupo anayeunga mkono?"

Muireann, pale kwenye meza ya makarani mbele ya Mwenyekiti, alikodolea macho kalamu yake. Hoja isiyoungwa mkono hufa hapohapo, na Brosnahan hakuwa amempanga mtu, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Upande wake wote walikuwa wameinamisha vichwa.

"Naafiki," alisema Seneta Cusack, akijizuia kucheka. "Ila ningependa mwenzangu atusomee hoja yenyewe. Polepole. Tuna asubuhi nzima."

Brosnahan aliishika orodha kama mtu aliyetupiwa kamba majini. Alisoma sentensi ya kwanza, iliyotambua. Alisoma ya pili, iliyosikitika. Alisoma ya tatu, iliyohimiza. Alikuwa amepata nguvu, sauti imerudi, akaingia kwenye ya nne kwa kishindo.

"'Na inamtaka Waziri, akifuatana na mtoa hoja, ndani ya siku kumi na nne, aende Inis Leathan, na wote wawili... wote wawili washuke na kupanda ngazi hiyo... maji yakiwa yamekupwa kabisa... ili wajionee.'"

Inasemekana sentensi ile iliandikwa na msaidizi wa Brosnahan, siku ya mwisho ya kazi, akiwa ameshafungasha vitu vyake. Brosnahan aliigeuza karatasi nyuma kutafuta ya tano itakayomwokoa. Nyuma palikuwa peupe.

Cusack alikuwa ameacha kucheka. Waziri yule alikuwa wa chama chake. Aligeuza kichwa polepole kuelekea meza ya makarani, na macho yake yakakutana na ya Muireann. Muireann hakuyakwepa.

"Wanaoafiki waseme ndiyo," aliita Mwenyekiti.

"Ndiyo!" zilijibu benchi za nyuma kwa furaha isiyo na heshima.

"Wasioafiki waseme sio."

Neno moja tu lilihitajika. Cusack akisema sio, kengele ya kuita watu kupiga kura italia dakika nane, watu wa serikali watapanda kutoka kantini na soseji mdomoni, na namba sitini na moja itazikwa. Alifungua kinywa. Muireann aliona ngazi, na mama yake amesimama juu yake na fimbo, na tarehe kumi na tisa ikimpita tena. Tafadhali, alisema moyoni, bila upande wowote, tafadhali.

Cusack alimtazama Brosnahan: uso mweupe, koti la kijivu, viatu vinavyong'aa kama kioo. Akashusha macho mpaka kwenye viatu, kana kwamba anaviona vikitafuta kipago. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akaifunika midomo yake kwa Orodha ya Shughuli, akabaki hivyo.

"Walioafiki wameshinda," alisema Mwenyekiti.

Azimio la Seneti halimlazimishi waziri kuinuka hata kitini, na kila mtu aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Lakini redio ilikuwa imerusha sentensi ya nne mara sita kabla ya jioni, ikiwa na tarehe ya mwisho.

"Ulikuwa unaijua ile ya nne," Tuohy alisema walipokuwa wanakusanya karatasi.

"Niliitafsiri mimi, bwana."

"Na ulimwambia aisome."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia." Tuohy alifuta miwani yake kwa tai. "Nitatoa ushahidi nikiitwa. Sitaitwa."

Tarehe kumi na mbili Waziri na Brosnahan walishuka kutoka kwenye boti wakapanda vipago kumi na saba. Brosnahan aliganda kwenye cha tisa, na vijana wa Máirtín ikabidi wamvute kwa kola. Kushuka, wote wawili walikataa katakata. Walisubiri maji yajae kwa saa tano, jikoni kwa Nóra, wakila mkate na kujibu maswali yake, na Nóra hakuwa mtu wa dakika mbili. Katikati ya kikombe cha nne Waziri aliomba simu. Kumbe kulikuwa na jukwaa la kuelea, lenye ngazi pana na vishikio pande zote, limelala boharini mjini Galway likisubiri saini moja. Tarehe kumi na saba lilikuwa limefungwa gatini.

Tarehe kumi na tisa Muireann aliomba ruhusa, akasimama bara, ng'ambo ya kisiwa, kuipokea boti. Nóra alitoka kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkono mmoja, amevaa koti la kanisani.

"Umeona?" alisema kabla hata ya salamu. "Umemwona Brosnahan? Mwanamume yule! Kaenda, kasema, kafanya. Na wewe, mwanangu, miaka tisa Dublin, kutwa unafanya nini huko?"

Muireann alimpokea mkoba.

"Napanga karatasi tu, Mama," alisema, akampa mkono wa kuegemea mpaka kwenye gari.