Uzito wa Nyamai

Jumanne asubuhi, kikundi cha mwethya, cha majirani wanaosaidiana kazi, kilipomaliza kuchimba mtaro katika shamba la Kathini, kule milima ya Mbooni, wanawake waliweka majembe chini wakamwita Kyule aje aukanyage ukingo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wengine walichimba na kurusha udongo upande wa juu. Yeye alivua viatu, akapanda juu ya udongo ule mbichi na kutembea polepole kutoka mpaka mmoja wa shamba hadi mwingine, kisha akarudi. Alikopita, ukingo ulishikana ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ya Novemba haikuweza kuubomoa. Mtu mwembamba kama yeye hangefaa kwa kazi hiyo, lakini Kyule alikuwa na uzito wa watu wawili, na kikundi kilikuwa kimezoea kuutumia.

"Kanyaga hapo kwa kona, Baba Mueni," Kathini alisema. "Hapo hapo. Na umwambie mwenzako asilale, afanye kazi."

"Hasikii."

"Hakuna mwanaume husikia." Wanawake wakacheka, wakagawana uji.

Mwenzake aliitwa Nyamai, mtu wa Kwa Vonza, upande wa Kitui. Walikuwa askari wa kikosi kimoja ng'ambo ya mpaka wa kaskazini-mashariki, mahali pa mchanga na miiba. Siku kituo chao cha mbele kiliposhambuliwa, Nyamai alibaki na bunduki ya rashasha ili wengine wapate kuondoka, na akapigwa risasi tumboni. Kyule alirudi kumchukua. Alimweka mgongoni akatembea naye kuelekea kambi kubwa. Njiani waliongea. Nyamai aliuliza kama kwao kumenyesha. Akasema, nipeleke nyumbani. Baadaye akanyamaza.

Langoni, mlinzi aliyekuwa akihesabu waliorudi aliona askari mmoja akiingia kwa miguu yake, akahesabu mmoja. Kyule alipopiga magoti mbele ya hema la daktari ili mwenzake ashushwe, hakukuwa na mtu wa kushushwa. Uzito ulikuwapo, mtu hakuwapo. Daktari alimpapasa mgongo, akampa maji, akaita majeruhi aliyefuata.

Kamanda alikuwa ameona kwa darubini yake jinsi Kyule alivyorudi chini ya risasi. Alitangaza mbele ya kikosi kizima kwamba atapewa nishani. Kabla hajaandika alihamishwa, na kabla hajakumbuka alikufa kwa ugonjwa wa figo. Karani aliyebaki hakujua la kufanya na nishani ya kumwokoa mtu ambaye hakuwa miongoni mwa waliookolewa. Wala Nyamai hakuwa miongoni mwa maiti au majeruhi. Kwa hiyo katika faili la Kyule mahali pa nishani paliachwa wazi, na katika faili la Nyamai pakaandikwa kwamba alitoroka.

Kyule alistaafu akarudi Mbooni na uzito wake. Seremala alikiongezea kitanda chake miguu miwili katikati. Kanisani alitengewa kiti cha saruji karibu na ukuta. Mutisya, kijana wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka sokoni, hakuwahi kumpakia mtu mwingine pamoja naye.

"Nimejaa," aliwaambia waliomsimamisha njiani. Na kwa Kyule alisema, "Mzee, nyinyi wawili mtaniulia springi za nyuma. Huyo mwenzako hana ndugu wa kumbeba?"

Swali hilo Kyule alikuwa nalo kabla ya Mutisya. Alijua kwamba Nyamai ana mama, aitwaye Kanyiva, na kwamba huko Kwa Vonza anaitwa mama wa mtoro. Hakuwa amekwenda kwake. Hakutaka kumpelekea mama wa watu maneno matupu. Alitaka aende na karatasi iliyopigwa muhuri. Mbithe, mkewe, alimwambia mara nyingi kwamba karatasi haina haraka lakini wazee wanayo. Kisha magoti yake yakaanza kuvimba, na daktari wa zahanati akasema yalikuwa yameumbwa kwa mtu mmoja na hayangeendelea hivyo.

Basi akaondoka kwenda katika ofisi inayoshughulikia kumbukumbu za askari wastaafu, kuomba faili lake lisahihishwe. Nishani yenyewe, kile kipande cha chuma na utepe, hakukitamani sana. Alitaka maneno yanayoandikwa pamoja na nishani, yanayoeleza ilitolewa kwa sababu gani. Maneno hayo yakiandikwa, Nyamai atakuwa amebebwa, na mtu aliyebebwa hawezi kuwa ametoroka.

Karani wa zamu, Koplo Abdifatah, alimletea kiti. Kiti kilipoanza kulia alikiondoa, akaleta benchi la chuma.

"Mzee, faili yako ni safi sana," alisema. "Hakuna kosa hata moja. Lakini medali pia hakuna."

"Kamanda alitangaza mbele ya watu."

"Hakuandika?"

"Alihamishwa."

"Na huyo uliyemwokoa yuko wapi saa hii?"

"Niko naye."

Abdifatah alitazama mgongo wa Kyule kwa adabu, kama mtu anayemtafuta kwa macho mgeni aliyekaa kiti cha nyuma cha gari. "Basi wacha tupime," alisema.

Walikwenda katika chumba cha matibabu. Kyule alivua koti na viatu, akapanda kwenye mizani. Mshale ulipanda ukapita pale unaposimama kwa watu wengi, ukaendelea.

"Wawili," nesi alisema. Aliandika, akamwomba ashuke polepole asiharibu mizani.

Meja mwenye ofisi alisoma alichoandika nesi. Alikuwa mtu mtaratibu, hakupandisha sauti.

"Uzito umethibitishwa," alisema. "Sisi hatubishani na mizani. Shida ni kwamba mizani haitaji jina. Huyo anaweza kuwa mtu yeyote."

"Ni Nyamai, afande."

"Wewe ndiye unasema. Jamaa yake aje amtambue, mzazi ikiwezekana. Tutakupima tena mbele yake, halafu tufungue mafaili yote mawili."

"Akitambuliwa, ile ya kutoroka itafutwa?"

"Itafutwa. Na medali yako itaingia."

Kyule alitoka pale akiwa mtu mwenye kazi moja tu iliyobaki. Wiki hiyohiyo alifika Kwa Vonza, akaulizia kwa Kanyiva, akaelekezwa kwenye boma lenye ua wa miiba nyuma ya soko.

Kanyiva alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua ndengu kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu. Kwenye paji la uso alikuwa na alama ya mfereji, iliyochimbwa na ukanda wa ngozi wa kubebea kuni na maji tangu alipokuwa msichana.

"Wakya?" alimsalimu.

"Aa," Kyule aliitikia, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa.

Akamweleza yeye ni nani, na ametoka wapi, na amekuja na nani. Kanyiva aliendelea kuchagua. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine.

"Hapa wanasema alioa msichana wa huko, anafuga ngamia," alisema hatimaye. "Syombua wa dukani aliniambia amepata watoto watatu."

"Si kweli, mwaitu," Kyule alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Najua si kweli. Lakini nilikuwa nimeshawapa majina."

Kyule hakuwa amelifikiria jambo hilo. Miaka yote hiyo alikuwa akipigana na neno mtoro kwa niaba ya mama huyu, na kumbe mama alikuwa amejifunza kuishi ndani yake. Mtoro ana mahali anapolala. Mtoro hula, huumwa na jino, hunyoa ndevu. Kila walipomtukana kisimani, Kanyiva aliteka maji yake akarudi nyumbani akijua kwamba mwanawe bado yuko hai.

Aliweka ungo chini. "Geuka," alisema.

Kyule alipiga magoti akampa mgongo. Kanyiva alipapasa kutoka kiunoni kupanda juu, hewani, bila haraka, kama mtu anayepima gunia lililofungwa. Alipofika karibu na bega la kushoto mikono yake ilisimama.

"Kichwa amekilaza huku," alisema. "Hata akiwa mtoto alikilaza huku. Amepungua."

"Amepungua kidogo, mwaitu. Mwaka wa ile njaa kubwa alipungua sana."

"Na hukumlisha?"

"Nilikula vizuri nilivyoweza."

Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na ule ukanda wa ngozi mkononi. Akaketi chini mchangani, akampa Kyule mgongo kama wanawake wanavyoketi wakingoja kuwekewa mzigo, na kuuweka ukanda kwenye mfereji wa paji lake.

"Nitwike," alisema.

"Mwaitu, ngoja kwanza." Kyule alimweleza habari za ofisi na za mizani, na alivyoahidi Meja. "Wakinipima nikiwa peke yangu hawatakubali. Ataendelea kuitwa mtoro mpaka mwisho wa dunia. Twende wiki ijayo, umtambue, waandike. Tukirudi, nitakutwika hapa hapa."

"Ulipokuwa unambeba ulikuwa unampeleka wapi?"

"Alisema nimpeleke nyumbani."

"Na hapa ni wapi?"

Kyule aliutazama ule mgongo mdogo uliokuwa ukingoja.

"Wale wanataka kumpima," Kanyiva alisema. "Wakishampima leo watataka kumpima kesho, na wewe utakuwa ukimzungusha kama mbuzi wa mnada. Magoti yako nimeyasikia yakilia tangu langoni. Mimi sitafuti karatasi. Nitwike mtoto, ama urudi naye Mbooni na usinisumbue."

Kyule alibaki amepiga magoti. Alifikiria faili lenye mahali palipo wazi, na jinsi lilivyokaribia kujazwa. Halikuwa limewahi kukaribia namna hiyo. Alijua anachoombwa kutoa. Halafu akageuka, akarudi nyuma kwa magoti mpaka mgongo wake ukagusana na wa Kanyiva, akalegeza mabega. Tangu alipoinuka mbele ya hema la daktari hakuwa ameyalegeza.

Uzito ulitoka kama unavyotoka mzigo wowote, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Kanyiva aliguna. Aliweka mkono mmoja chini, akainua goti moja, akapumua, akainua la pili. Kyule alimshika kiwiko, lakini hakumhitaji. Yeye mwenyewe aliposimama alisimama kwa haraka mno, nusura aanguke kifudifudi.

Kanyiva alianza kutembea bomani, ameinama, ukanda umekaza, nyayo zake zikizama mchangani. Alikwenda jikoni, kisha kwenye zizi, kisha kwenye mbaazi.

"Hili paa tuliliezeka upya," alisema. "Mti wa mlangoni ulianguka. Huyu si ng'ombe unayemjua, huyu ni mjukuu wake."

Kyule aliketi kwenye kigoda akaendelea kuchagua ndengu, maana hakujua afanye nini na mwili wake.

Wiki iliyofuata walikwenda ofisini wote, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Abdifatah aliwaona wakiingia, akaelewa, akalisogeza benchi la chuma upande wa Kanyiva na kuleta vikombe vitatu vya chai. Kyule alipanda kwenye mizani. Mshale ulisimama mapema.

"Mmoja," nesi alisema.

Kisha akapanda Kanyiva, mwanamke asiyefika bega la nesi, na mshale ukapanda ukaendelea.

"Wawili," nesi alisema, akaandika hilo pia.

Meja alisoma maandishi yote mawili, akavua miwani.

"Mlalamishi amepimwa, ni mtu mmoja," alisema. "Kwa hiyo dai lake halina ushahidi."

"Ushahidi ni huu hapa mbele yako, afande," Kyule alisema. "Mama amemtambua. Jina lake ni Nyamai."

"Naona. Wala sikatai, na mama nampa pole. Lakini mama hakuwahi kuwa askari. Hana faili hapa. Siwezi kuandika katika faili la mtu kwamba anabeba, na hali habebi, na siwezi kuandika kwamba mama anabeba, kwa sababu sina pa kuandika."

Kanyiva alikuwa amemaliza chai yake, ameanza kunywa kile kikombe cha tatu kidogo kidogo.

"Mwambie nilimbeba kabla yao," alimwambia Kyule kwa Kikamba.

Kyule akatafsiri. Meja alifikiri, akakubali kwamba hiyo ni kweli. Kisha akalifunga faili la Kyule likiwa vilevile, akaita lile la Nyamai lirudishwe kabatini, nalo lilikuwa vilevile. Abdifatah aliwasindikiza hadi langoni, na mlinzi alipouliza wanaotoka ni wangapi, alimwambia aandike watatu. Mlinzi alisema kitabu chake kinaonyesha waliingia wawili, akaandika wawili.

Oktoba, Siku ya Mashujaa, chifu aliwaita watu wa Kwa Vonza uwanjani. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya hema kwa ajili ya wazazi wa askari waliokufa vitani, na chifu akawaita kwa majina, mmoja mmoja, kutoka kwenye orodha aliyotumiwa. Kanyiva hakuitwa. Alikuwa ameketi nje ya hema, juu ya jiwe, na waliofika wakiwa wamechelewa walimwachia nafasi ya kutosha.

"Mko salama?" walimsalimu wakipita.

"Tuko," alijibu. Jua lilipozidi kuwa kali, aliinuka taratibu, akageuka, akaketi tena ili mgongo wake uwe kivulini.