Kofia ya Bomba la Moshi

Mvua ya usiku ilikuwa imeingia tena kwenye bomba la moshi. Mpishi wa shule alifungua jiko la kuni akakuta majivu yamegeuka tope jeusi, na kuni alizozipanga jana zinachuruzika maji. Akapiga magoti, akaanza kuchota kwa kopo. Mkuu wa shule alishamwambia kwamba chakula kikichelewa tena atatafutwa mpishi mwingine. Kuhusu bomba kukosa kofia, kile kifuniko cha bati cha kuzuia mvua, jibu lake lilikuwa lile lile tangu masika yaanze: avute subira.

Kwa hiyo alipomwona mdogo wake akiingia uani na ngazi begani, mkononi kofia inayong'aa kama sufuria mpya, hakuamini macho yake. Huyu mdogo wake alikuwa fundi bati. Mpishi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe.

"Leo umenikumbuka," alimtania. "Nilidhani siku hizi unaezeka nyumba za wakubwa tu."

Fundi alicheka kidogo bila kumtazama, akapanda.

Kabla ya mchana wakaja wageni, wale wafadhili waliotoa fedha za kukarabati jiko. Walipiga picha paa, wakapiga picha masufuria. Mkuu akamwita mpishi mbele aseme neno. Si mtu wa maneno, lakini siku hiyo yalimtoka. Alishukuru mpaka sauti ikamkauka, akasema sasa watoto watakunywa uji wa moto hata mvua ije na ndugu zake. Mgeni mmoja alifuta machozi. Mkuu alipiga makofi kuliko wote.

Magari yalipoondoka tu, fundi akarudi na ngazi.

Mpishi alidhani kuna skrubu imelegea. Akamshikia ngazi, maana uani palikuwa tope tupu, na kule juu akasikia zikifunguliwa moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?"

"Ni ya nyumbani kwa Mkuu, dada. Anaitaka irudi kabla mvua haijanyesha."

"Ulijua tangu asubuhi?"

Fundi alitia skrubu mfukoni. "Kaniahidi kazi ya mabweni. Mabati yote. Na mimi nina watoto, dada, unajua."

"Ukaniacha nisimame pale nishukuru."

Fundi alipoanza kushuka, ngazi iliteleza. Mpishi akaikaza kwa mikono na kifua mpaka mdogo wake alipokanyaga chini. Ndugu ni ndugu, huwezi kumwacha aanguke.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga paa. Fundi aliibana kofia kwapani, akafuta viatu, na kama kawaida yake akasogea mlangoni kuomba kikombe cha chai kabla hajaondoka.

Nyuma ya mpishi moto ulikuwa ukiwaka vizuri, birika likifuka mvuke.

"Jiko limelowa," akasema, akafunga mlango.