Mmoja Tu Atafundishwa Uluru

Wivu wangu kwa Milyika ulianza siku aliporudi kutoka mjini Adelaide, baada ya miaka ishirini, amevaa viatu vyeupe pe. Mama mkubwa Wipana alimkumbatia akalia. Mimi ninayemchomea mkia wa kangaruu kila wiki, sijawahi kuliliwa.

Mimi na Milyika ndio watoto wa mdogo wake tuliobaki, na miguu yake imekwisha. Alisema atafika mara moja tu zaidi mahali petu patakatifu pa wanawake pale kwenye mwamba wa Uluru, amfundishe mmoja wetu habari za mahali hapo. Hakumtaja. Nilikonda kwa kuwaza.

Siku ya safari, mume wangu Rolley alitupeleka kwa gari. Njia nzima mama mkubwa alimshika Milyika mkono, nami nimepakata birika la chai. Tukaegesha mbali na watalii.

"Dada," nikamwambia Milyika kwa sauti tamu, "kule tunakokwenda, unajua kulitokea nini?"

"Sijui, dada. Nangoja nifundishwe."

"Ehee! Viatu unavyo, habari huna!"

Akacheka. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniwasha. Nikataka mama mkubwa aone nani ni nani. Kile kipande cha habari hizo nilichookota utotoni kwa wanawake, nikakisema chote, mlango wa gari ukiwa wazi na Rolley ameshika usukani.

Rolley akaziba masikio. "Mimi sipo! Jamani, mimi sipo hapa!"

Alikuwa ameshasikia. Mambo yale ya wanawake hayasemwi mbele ya mwanamume, hata awe mumeo. Kwetu mtoto hulijua hilo kabla hajaota meno yote.

Mama mkubwa hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Mwanangu," alisema, "leo nilikuja kwa ajili yako. Huyu nilimchukua anishike mkono tu, nisianguke."

"Nisamehe, mama. Ulimi hauna mfupa."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kuuachia mambo haya." Akashuka garini taratibu. "Milyika, twende."

Milyika akanitazama, akasita. "Mama, mimi sistahili. Yeye ndiye..."

"Nimesema twende."

Wakaenda hatua kwa hatua mpaka mwamba ukawaficha. Nilisimama juani nikilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Siku zote zile Milyika hakuwa na kitu changu hata kimoja. Sasa anacho, na aliyempa ni mimi.